Funga Kwanza

Faili zote ziliishia katikati ya tarakimu.
"Saa nne na dakika kumi usiku, kina: 6"
kisha basi. Sita nini? Sita na ngapi?
Mto Tisza haujibu maswali ya aina hiyo;
ulikuwa unapanda tu, gizani, nyuma ya ofisi, pale Szeged,
na theluji ya milimani imeyeyukia humo.

Piroska alianza kwa kuilaumu programu ya kubana.
Akateremsha kiwango toka tisa hadi moja,
akabana, akabanua, akahesabu baiti
kama anayehesabu chenji mbele ya muuzaji asiyemwamini.
Chenji ilitimia. Kilichoingia ndicho kilichotoka.

Ndipo akamgeukia Lőrinc,
aliyeiandika skripti hii ya Perl miaka kumi na tisa iliyopita
akastaafu kwenda kufuga nyuki,
akaacha maelezo ya neno moja, juu kabisa: Usiguse.
Akampigia usiku wa manane. Mzee akapiga miayo, akauliza:
"Unaibana kabla hujaifunga?"

Kimya. Kwenye simu ikasikika saa ya ukutani, ya huko kwake.

Mstari wa arobaini na moja: bana.
Wa arobaini na mbili: futa ya asili.
Na funga? Funga haikuwepo popote.
Aliing'oa mwenyewe, mwezi wa Novemba,
siku diski ilipojaa, akihamisha mistari kwa pupa.

Kumbe maneno ya mwisho ya kila usiku
yalikuwa bado mdomoni,
yakingoja yatimie baiti elfu nane ndipo yatemwe;
gunia likashonwa, likaenda zake,
na programu ilipokata roho yakatoka mbio
kwenda kuandikwa katika faili iliyokwisha kufutwa.
Barua kwa nyumba iliyobomolewa.

Herufi tano, mabano, nukta mkato.
Akaipandisha juu ya bana.

Usiku uliofuata akabanua: 687.
Na chini yake 689. 693. 698.
Hakushangilia; aliwapigia kwanza walinzi wa kingo.

Zimebaki faili mia na kumi na nane zisizo na mikia,
na mto haurudi kusema ulisema nini.

"Lile neno Usiguse," mzee alimwambia baadaye,
"nilijiandikia mwenyewe."