Mweka Hazina

Cheo changu kikundini ni mweka hazina.
Sanduku la bati, kufuli tatu, funguo kwa watu watatu,
na daftari la jalada gumu nililolipigia mistari kwa rula ya mwanangu.
Mali bila daftari hupotea bila habari:
tumelelewa na neno hilo hapa Ngamiani,
sisi wauza dagaa, wakaanga mihogo, washona sare za shule.
Kumbe mali yenye daftari nayo hupotea,
ila habari zake unazo zote, tarehe kwa tarehe.

Tarehe tisa Machi alikuja Injinia Kileo,
akakunjua ramani juu ya meza ya kukatia nguo.
Hapa, akasema, nje ya Ulenge, pima kumi na nane,
imelala meli ya Wadachi tangu vita vyao,
na tumboni mwake masanduku ya rupia za fedha.
Hisa moja elfu hamsini.
Kidole chake kilikuwa na pete, kucha safi,
nikafikiri: mtu wa baharini, hana hata kovu la chaza?
Nilifikiri tu.
Bi Tunu alishasema tuweke, na Bi Tunu ndiye mwenyekiti.

Hisa arobaini na mbili.
Milioni mbili na laki moja, noti zinanuka dagaa,
zikazama
kabla mpiga mbizi hajavaa miwani.

Na meli ikaonekana! Hilo ndilo la ajabu,
Injinia hakuwa mwongo.
Sanduku moja likapandishwa, limeota matumbawe,
wakalipasua kwa nyundo,
rupia zikatoka zimeshikana kama kashata.
Siku hiyo tulipika pilau.

Kesho yake wenye mali wakaanza kufika.
Watu wa Mambo ya Kale, kwa gari jeupe:
kikongwe chochote ni cha taifa.
Barua ya bima kutoka Hamburg:
tulishailipia ilipozama, hata kutu yake ni yetu.
Wavuvi wakasema mwamba ule ni wao,
madema ya babu zao yametegwa pale.
Na bwana mmoja wa Chumbageni, kanzu imepigwa pasi,
akaapa babu yake alikuwa serehangi
na nahodha alimwachia vyote, kwa mdomo, majini.
Hakimu akafungia kila kitu stoo ya forodha, akatia lakiri.

Na sisi?
Ninyi si wenye mali, wakili alituambia,
ninyi mna hisa kwa mwenye madai.
Nimeitafuna kauli hiyo wiki nzima
kama mtu anayehofia mwiba wa samaki.

Kisha orodha ya shehena ikasomwa kortini.
Mstari wa kumi na saba: rupia, mishahara ya manamba wa mkonge.
Karani hakupumua. Mstari wa kumi na nane: misumari.

Mama anacho kipande cha babu yake, ndani ya mfuko wa chumvi.
Vyumba thelathini, siku thelathini,
vyote vimetiwa alama.
Pa malipo pako peupe.
Nyapara aliwaambia pesa ziko njiani,
na babu akafa akiutani mguu wake mbovu:
wewe na pesa zangu, nani atafika kwanza?

Jumamosi wanakikundi waliniuliza.
Ziko njiani, nikajibu,
nikamsikia nyapara kinywani mwangu.

Jumatatu nikakipeleka kipande mahakamani.
Karani akakigeuza, akakinusa.
Wewe ni nani katika kesi hii?
Mweka hazina, nikasema.
Alicheka, halafu akaacha kucheka.
Lete nakala mbili.

Nikavuka barabara hadi kwenye mashine ya posta.
Kijana akauliza kama nataka na upande wa nyuma.
Na wa nyuma, nikamwambia, hata kama hauna kitu.
Nimeandika kwenye matumizi: nakala, mia nane.
Risiti hakuwa nayo.