Kilo Saba za Omubirizi

Kila Jumatatu kaka yangu Rwabutogo
huleta gunia la omubirizi kutoka Rubindi
hadi mlango wa maabara, hapa Mbarara.
Majani machungu, umande haujakauka.
Nampimia: kilo saba. Natia sahihi. Analipwa.

Nayaanika kivulini, nayatwanga,
nachuja hadi libaki tone la kijani.
Panya wa kizimba cha kwanza walinyweshwa pombe tu:
maini yao yamepauka, yanateleza kama siagi.
Wa kizimba cha pili, pombe na lile tone.
Maini yao mekundu.
Karibu mekundu.
Naandika "karibu", maana daftari halitaki mapenzi.

"Panya wako hawajambo?" huniuliza,
weupe wa macho yake umeiva kama ndizi,
noti zimekunjwa ngumini,
waragi inamngoja ng'ambo ya barabara.

Namwambia: wao hatuwaulizi,
tunawamiminia kooni kwa sindano butu.
Wewe, nani anakumiminia?

Hucheka. Hukunja gunia tupu, hulitia kwapani.

Mchana kutwa nakata maini ya panya kwa wembe.
Yeye hahitaji wembe
kuyakata yangu.