Lami, Gramu Arobaini na Sita

Kila Alhamisi baada ya isha, hapa Sur, ghorofa ya pili
juu ya duka la vipuri vya mashine za kupoza hewa,
Ami Ghalib hukunja zulia nusu
na kuizamisha dunia.

Ana ramani aliyoichapa ofisini kabla hawajamstaafisha,
karatasi kumi na mbili, gundi, na tende moja
ya kuzuia pembe isijikunje.
"Hapa," kidole kinapita Hormuz kama mwenye shamba,
"hapa palikuwa pakavu. Mito. Mitende. Watu.
Bahari ikaja kama deni la dukani:
kidogo, kidogo, siku moja daftari zima."

Mpaka hapo simpingi. Vitabu vyangu pia vinasema
Ghuba iliwahi kuwa bonde.
Lakini yeye hasimami bondeni.
Anajenga. Ana kuta za shaba, ana minara,
ana manahodha waliosoma nyota kabla nyota hazijapewa majina,
na mji ulipozama wakatawanyika,
wakawafundisha Wamisri kupanga mawe,
Wahindi kuchimba visima,
na watu wa ng'ambo ya bahari mbili, huko Marekani, kuhesabu miezi.
Kila palipo na jiwe juu ya jiwe
Ami Ghalib ana shemeji.

Shangazi Shinuna, akimimina kahawa:
"Na huko mjini kwenu chini ya maji
vyombo alikuwa anaosha nani?"
Wageni wanacheka. Yeye hacheki. Analiandika swali.

Mimi kazi yangu chekeche.
Mwezi wa tatu sasa nyuma ya Ras al-Jinz,
kitambaa usoni, magoti yamekufa ganzi,
napepeta mchanga wa miaka elfu nne na ushei
na ninachopata ni miiba ya samaki.
Miiba ya samaki.
Ndoana ya shaba, ndogo kama ukucha wa mtoto.
Jino lililooza hadi mzizini:
hakuna aliyetuambia kwamba wahenga waliumwa meno.

Juzi, lami.
Kipande cha gramu arobaini na sita, cheusi, cha kukatisha tamaa.
Upande mmoja vijigamba vya bahari, vile ving'ang'anizi
vinavyokaa chini ya chombo mpaka vikwanguliwe.
Upande wa pili alama za matete, kamba mizunguko mitatu,
mkazo wa mtu anayejua fundo likilegea atakufa.
Kwa hiyo walisafiri. Kwa matete! Kwa matete yaliyokalafatiwa
wakayavuka maji haya haya
ninayoyaona nikitoka choo cha kambini.
Nikakigeuza kwenye taa. Pembeni, kidole gumba.

Si maandishi. Si muhuri.
Mtu aliibonyeza lami ikiwa bado moto, ikamwunguza, akakiondoa upesi:
mstari wa mwisho umeburutika.

Sikukusudia kumwambia. Nilijua angekijengea kasri.
Nikamwambia, jikoni, picha ikiwa kwenye simu.
Akavaa miwani. Akavua. Akaikuza picha kwa vidole viwili
hadi mistari ikawa mitaro, mitaro ikawa mabonde.
Kwa muda mrefu friji tu ndilo lililosema.
Kisha akauliza, kwa sauti asiyoitumia Alhamisi:
"Aliungua?"
Nikasema naam, nadhani.
Akatia gumba lake mdomoni, kama mtoto, kama mpishi,
akaenda zake chumbani bila kuzima taa.

Wiki hii zulia limekunjwa tena.
Gumba limeshapata cheo: mkuu wa viunda, mwana wa mfalme,
mzaliwa wa chini, mahali fulani mashariki ya Qatar.
Wageni wanaitikia kwa vichwa. Ami ananitazama,
anasubiri nimwage miiba yangu ya samaki.

Nikaichukua tende iliyoshika pembe ya ramani, nikaila.
Karatasi ikajikunja, ikaifunika Ghuba yote.
"Endelea, Ami," nikasema. "Alikuwa anaitwa nani?"