Waya wa Panda

Ampli ina tundu moja nyuma, la zambarau.
Sabufa ina mawili, jeupe na jekundu.
Ndicho kisa kizima.
Miaka sita mimi na mdogo wangu
tulishindwa kuvuka hapo.

Baba alipokufa, baba wadogo waligawa:
ampli kwa Muhindo, kwa kuwa ni mwanamume
na ampli ndiyo yenye taa na vitufe.
Mimi, Kavugho, nikapewa sanduku la besi.
"Litakufaa kama meza."
Likanifaa. Niliweka juu yake chupa ya chai,
kitambaa cha kufuma, picha ya ubatizo,
na panya akazaa ndani, kupitia lile tundu la kupumulia.
Sikumfukuza mpaka wanawe walipofumbua macho.

Kwake Katindo ampli iliimba kwa sauti nyembamba,
kama mtu aliyebanwa pua.
Kwangu Majengo besi ilinyamaza
kama mtu aliyeapa.

Juzi akaja. Hakubisha hodi,
alikohoa tu mlangoni, kikohozi cha baba,
ampli imeviringishwa shuka juu ya chukudu
na mwenye chukudu anadai franka zake.
Hatukuzungumza ya baba wadogo.
Tulizungumza matundu.

"Yaya, moja haliwezi kulisha mawili."
"Litaweza. Vaa viatu."

Birere, kwa fundi anayepima nyaya kwa mkono
kama kamba za mbuzi,
nikaomba waya wenye panda:
kichwa kimoja huku, vichwa viwili kule.
Muhindo akauliza, kwa hofu ya mtoto wa urithi,
"Sauti ikigawanyika, kila upande si utapata nusu?"
Fundi hakuinua macho kutoka kwenye lehemu yake.
"Hili si shamba, bwana.
Hapa kila upande unapata yote."

Maneno hayo niliyabeba hadi nyumbani
mfuko mmoja na chenji.

Umeme ulirudi saa mbili usiku.
Nililala kifudifudi nyuma ya kabati, tochi mdomoni,
vumbi jeusi la mawe ya volkano kwenye viwiko.
Pini moja kwa ampli: tkk.
Nyeupe. Nyekundu.
Sikujua Muhindo ameizungusha sauti hadi mwisho.

Haukuwa muziki. Ulikuwa uvumo ule unaotangulia muziki,
wa chini, usio na mdomo,
na sahani zikaanza kuongea kabatini.
Mama akatoka chumbani na godoro lililokunjwa,
vyeti vyetu ndani ya mfuko wa plastiki,
kiatu mguu mmoja.
Kwa Mama Nsimire watoto wanahesabiwa uani, jina kwa jina.
Mbwa wa mtaa mzima.
Mtu akasema: mlima!
Wote tukatazama kaskazini.
Wekundu ule ule wa kila siku juu ya mawingu,
umetulia, kama mtu
anayeshangaa kusingiziwa.

"Zima!"
Nikazima. Sahani zikanyamaza.
Mbwa mmoja tu hakuamini.

Mama akaweka kiganja sakafuni,
kisha juu ya sabufa.
Akakiacha hapo.
"Ni ya baba yenu," alisema.
"Washeni. Lakini polepole."

Basi sauti ikarudi, chini, chini kabisa:
rumba ya zamani, gita la besi likitembea bila viatu.
Mama Nsimire alikuja kugombana.
Alikaa kwenye godoro letu la kukimbilia,
mtoto mgongoni,
na ugomvi wake akausahau katikati ya wimbo wa tatu,
au aliuweka akiba, simjui vizuri.

Saa tano umeme ukakatika.
Muhindo akapapasa viatu gizani, akauliza:
aondoke na ampli sasa, au kesho?
Nikamwambia panda imeng'ang'ania,
usiku haitoki.

Si kweli.
Inatoka kwa vidole viwili.