Mkaguzi Namba Kumi na Nne

Kwanza hunusa.
Wenzangu huanza na bei, au na kioo;
mimi huzamisha pua kwapani mwa gauni la marehemu fulani
na kulingoja liseme: dawa ya nondo,
tumbaku, sabuni ya mche, kabeji ya Jumamosi,
na chini kabisa, kama maji ya kisima,
jasho la mtu aliyecheza dansi mpaka taa zikazimwa.

Jumapili, Łódź, saa kumi na mbili asubuhi.
Theluji haijaamua kama ni mvua.
Nyuma ya kituo cha tramu bwana Zenon ametandaza turubai,
kajiinamia juu ya glasi ya chai.
"Halszka," ananiita, "leo nina uchafu mzuri."

Dada yangu husema nguo ya kuazima haisitiri matako.
Namjibu: hizi sikuazima,
nimerithi kwa watu nisiowajua.

Mifukoni mwao nimekuta kokwa la cheri,
nusu ya tiketi ya sinema, jino la mtoto ndani ya pamba,
na mwandiko wa mwanamume mwenye haraka:
*siagi, balbu, mwombe Leokadia radhi.*
Jaketi lake nimelivaa miaka tisa.
Balbu, nadhani alinunua.

Lakini ninachokitafuta ni kikaratasi
kisichozidi ukucha wa kidole gumba.
Kilitiwa mfuko wa kulia wa kila koti
lililoshonwa katika kiwanda cha matofali mekundu
(siku hizi wanauza aiskrimu humo),
kimepigwa muhuri: *Mkaguzi*, kisha namba.
Kumi na nne alikuwa mama.

Miaka ishirini na miwili
makoti yalipita chini ya vidole vyake,
yakapanda treni kwenda kwa mabega asiyoyajua.
Yeye mwenyewe alivaa koti la blanketi,
mstari wa blanketi ukimkata mgongo
kama reli.

Nimepekua mifuko hata kucha zimeota manyoya ya sufu.
Namba tisa. Namba ishirini na saba. Namba tatu, mara nyingi mno,
huyo sijui alilala lini.
Kumi na nne, hapana.

Mwezi wa pili, chini kabisa ya rundo la Zenon:
koti la kijani cha chupa,
bitana rangi ya divai, vifungo vyote vipo.
Nikatia mkono. Arobaini na moja.
Nikalinunua hata hivyo.
Labda macho yalikuwa yameshageuza tarakimu
kabla akili haijayakanya.

Nikalipeleka ghorofa ya nne, kwenye nyumba ya wazee,
ambako mama huniita kwa jina la dada yake
na kuniuliza kama farasi ameshakunywa maji.
Kikaratasi hakukitazama.
Alilipindua koti ndani nje, kama mtu achunaye sungura,
akapitisha kidole gumba kwenye mshono, polepole,
akafika kwapani, akasimama.

"Bogumiła," akasema.
"Anabana uzi kama anavyobana pesa.
Na yeye huyo arobaini na moja amempitisha, shoga yake!
Mkasi wangu, hajaurudisha mpaka leo."

Alicheka hadi muuguzi akachungulia.
Kisha akaniamuru nilivae.
Akanifunga vifungo hadi kooni, akarudi nyuma hatua mbili,
akanitazama kwa jicho ambalo sikuwahi kuliona nyumbani,
jicho la mshahara.
Akavuta pindo. Akafuta kitu begani ambacho hakikuwepo.

"Limepita."

Akachana ncha ya kalenda ya dawa zake,
akaikunja, akaitumbukiza mfukoni,
akauliza habari za farasi.

Sikuona kama aliandika kitu.
Kwenye tramu kulikuwa na baridi ya kukata masikio.
Mkono wa kushoto niliuficha mfukoni;
wa kulia niliuacha nje,
ugande.