Vichwa Vinne

Hoza alianzia kibao cha kinyozi, Barabara ya Tisa:
vichwa vinne visivyo vya mtu yeyote,
na bado vijana waliingia wakisema, ninyoe kama yule.

Baadaye wakaja wakubwa, na tai zao,
kila mmoja akiomba apunguziwe kidevu.
Akapunguza. Mwenye nyumba hapokei ukweli.

Mwaka huu kamkalisha mama yake
kwenye stuli, uani Ngamiani,
mikono iliyochambua mkonge miaka thelathini
imelala mapajani kama ya mgeni.
Siku nne. Hakupunguza kitu.

Mama akavaa miwani, akaivua.
"Mbona umenichora nimechoka?"
"Nimechora ninachokiona."
Akajifunga kanga upya, polepole.
"Kumbe," akasema,
"umeona leo."