Kifyatulio cha Nyuma

Eibar. Mvua ile nyembamba isiyoanguka, inaning'inia tu.
Karakana yangu iko ghorofa ya tatu, maana bonde letu ni finyu
na viwanda vilipangwa kwenda juu kama sahani kabatini.
Iñaxio Mendiguren ameilaza bunduki ya baba yake mezani,
mitutu miwili ubavu kwa ubavu,
tako limelainika pale shavu la marehemu lilipokaa miaka arobaini.
"Garbiñe," anasema, "niondolee kimoja.
Nataka kifyatulio kimoja tu."

Sikumjibu. Nilikaza jiliwa.

Kisha nikaanza, kama ninavyowaanza wote:
cha mbele huamsha mtutu wa kulia, wenye mdomo uliolegea,
humwaga marisau karibu, kama mtama kwa kuku.
Cha nyuma huamsha wa kushoto, uliobanwa,
kwa ndege aliyekwisha kuvuka kijito.
Kidole hakiombi ushauri. Kinateleza kidogo, kimeshaamua.
Kila mtutu una kamani yake na nyundo yake;
mmoja ukifa, mwenzake hakai matanga.

Kifyatulio kimoja ni habari nyingine.
Ndani yake kuna kipande cha chuma, kizito kupita umbo lake,
kinachongoja teke la mlio wa kwanza
ndipo kisogee, kikabidhi zamu.
Hakuna teke, hakuna zamu.
Fataki ikiingia unyevu, unavuta: tk.
Unavuta tena: hata hiyo tk huipati.
Na tupa yangu ikipotoka unene wa unywele,
mitutu yote miwili itaondoka pamoja,
na bega lako nyuma yake.

Njia mbili zilimshinda fisi, ndivyo isemwavyo.
Baba yangu alishikilia kwamba fisi alishindwa na tamaa,
njia hazikuwa na kosa.
Kifyatulio kimoja alikiita cha matajiri wenye glavu.
Alipokufa nilifungua kabati lake:
bunduki ya uzee wake ilikuwa na kimoja.
Nimeifunga tena. Sijamwambia mtu.

Hayo sikumwambia Iñaxio pia. Mengine yote nilimwaga,
naye akasikiliza mpaka mwisho, mtu wa adabu,
halafu akavua glavu.

Kidole cha shahada kilikuwa na pingili moja na kipande.
"Mashine ya minyororo ya baiskeli," alisema, "zamu ya usiku."
Akaishika bunduki, akaiinua shavuni.
Cha nyuma: kinafika.
Cha mbele: hewa.
"Nina mtutu wa mbali tu. Wa karibu amebaki nao mzee."

Nikanyamaza. Hotuba yangu ilikuwa bado mezani,
imetapakaa kama vumbi la chuma.

"Hilo la fataki yenye unyevu," akauliza, "ni kweli?"
"Ni kweli."
"Huku kwetu, mwezi wa kumi na moja, kuna kitu kikavu?"
"Hakuna."
"Basi."

Nikachukua uzi, nikakipima kidole chake
toka kifundo hadi kwenye kovu,
kama anayepima pete asiyotaka kuuliza ni ya nani.
Cha mbele nitakifua upya, kirefu, kimeinamia nyuma,
na bawaba ndogo shinani kisimchubue.
Viwili vitabaki viwili.

Uzi nimeutundika kwenye msumari, una fundo moja.
Mfupi sana. Kila nikipita nauona kwanza huo,
kabla ya bunduki.